Nilimwandika kwa Jina la Dada Yake

Mimi ni mtu wa hasira. Nianze na hilo, mtu asije akadhani ninasimulia haya kwa moyo uliotulia. Nilizaliwa Tanzania, upande wa Karagwe, kwa wazazi wakimbizi wa Kinyarwanda. Nilisoma huko, nikafundisha darasa la tatu huko, na mwaka wa tisini na nne, vita vilipokwisha, mimi na mama yangu tukapanda lori tukaja Kigali kuanza maisha katika nchi ambayo sikuwahi kuiona kwa macho. Watu huniuliza siku hizi tulifurahi vipi kurudi nyumbani. Kufurahi? Mji ulikuwa unanuka. Mbwa walikuwa wanene, na hakuna aliyeuliza wamenenepa kwa nini.

Tulipata chumba mtaa wa Gitega, hapo hapo Kigali, katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa umepasuliwa kwa shoka. Mwenyewe hatukumjua, na jirani tuliyemwuliza alitutazama tu, akaendelea kufagia. Mama akaegemeza benchi mlangoni, akapiga deki sakafu mara tatu kwa sabuni na mara ya nne kwa maji matupu, kisha akasema hapa tutalala, kesho utafute kazi.

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo. Nilijua Kinyarwanda cha mama, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kubabaisha, na wakati ule mtu wa lugha tatu alikuwa dhahabu. Wageni walikuwa wamefungua kituo cha watoto katika shule moja kwenye barabara ya kwenda Ndera, kwa ruhusa ya serikali mpya. Malori yalikuwa yanatoka mpaka wa Zaire yakiwa yamejaa watoto wasio na mtu. Ndivyo tulivyowaita, watoto wasio na mtu. Hana baba, hana mama, hana shangazi, amevuka mpaka kwa kufuata miguu ya watu wengine akaenda, kisha amevuka tena kwa kupakiwa akarudi. Mimi nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao, nikawa ninawaandikisha mmoja mmoja.

Kila mtoto alikuwa na fomu yake. Hakukuwa na karatasi nyingine. Malori yalifika bila orodha yoyote, kwa hiyo fomu niliyoandika mimi ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba mtoto fulani ameingia nchini. Nakala moja ilibaki kwetu, moja ilikwenda serikalini kila Ijumaa. Jina, jina la ukoo, umri, alikotoka, alikoachana na wazazi. Mwanzoni niliona ni kazi nyepesi. Kumbe hapo kwenye jina la ukoo ndipo palipokuwa na balaa.

Kwetu Wanyarwanda hakuna jina la ukoo. Mtoto akitimiza siku ya nane, baba yake anampa jina lake peke yake, jina linalosema jambo, labda shukrani, labda kero ya majirani, labda njaa ya mwaka ule. Watoto sita wa tumbo moja wana majina sita, na hakuna hata moja linalofanana na la baba. Mimi mwenyewe nilikuwa na jina la babu kwa sababu baba alitupachika sote jina hilo tulipoanza shule Karagwe, walimu wasitusumbue. Lakini fomu ilitoka mbali, na walioitunga walikuwa watu ambao ndugu kwao huitwa jina moja.

Aliyesimamia kituo alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mwembamba, mchapakazi hasa, hali wala halali. Simsemi vibaya. Nilimweleza habari ya majina, akanisikiliza, akaandika kwenye daftari lake, akanishukuru. Kisha akasema fomu zimeshachapishwa, na kompyuta iliyoko Nairobi inaunganisha ndugu kwa jina la ukoo, basi tufanye hivyo hivyo kwa sasa. Tena kulikuwa na watoto waliokuwa wakidai ni ndugu kwa sababu tu wametembea pamoja, na hilo nalo lilikuwa kweli, niliwaona. Kanuni ikawa hivi: mtoto aliye chini ya miaka mitano anapelekwa kituo cha masista ng'ambo ya mji, kwenye maziwa na vitanda vidogo, isipokuwa awe na ndugu hapa mwenye jina la ukoo sawa na lake.

Wiki ya kwanza nilifuata kanuni. Nilimwona mvulana aliyemshika mdogo wake kiunoni, na watu wazima wawili wakimbandua vidole kimoja kimoja. Nilirudi Gitega siku hiyo nikashindwa kula. Mama akaniuliza nina nini, nikamjibu vibaya, nikalala.

Basi siku wale wasichana wawili walipofika nilikuwa tayari nimeshajaa. Mkubwa alikuwa na miaka kama kumi na mmoja, amembeba mdogo mgongoni kwa kitenge kilichochakaa mpaka hakina rangi, ingawa mdogo aliweza kutembea. Lori zima lilishuka, yeye akashuka wa mwisho, akaja moja kwa moja kwangu kana kwamba kuna mtu amemwelekeza.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema kwa Kinyarwanda, kabla sijamwuliza lolote. "Tumetoka tumbo moja."

Akanitajia majina. Lake yeye lilikuwa jina la kumshukuru Mungu. La mdogo lilikuwa jina la vita, kwa kuwa alizaliwa wiki ile vita vilipoanza kule kaskazini mwaka wa tisini, na baba yao, siku ya nane, hakuwa na jambo lingine kichwani. Mama yao alikufa kwa kipindupindu kambini Goma. Nilipouliza baba, mkubwa alisema, "Alibaki." Sikuuliza alibaki wapi, wala alikuwa upande gani. Wakati ule swali la namna hiyo lilikuwa halimalizikii kwenye jibu moja.

Nikatazama fomu. Nikamtazama mtoto wa mgongoni. Alikuwa amelala mdomo wazi, mate yamemlowesha dada yake begani. Kama ningeandika ukweli, saa nane mchana gari la masista lingemchukua.

Nikaandika jina la mkubwa kwenye fomu ya mkubwa, na jina hilo hilo nikaliandika kwenye fomu ya mdogo, mahali pa jina la ukoo. Mahali pa jina la kwanza niliandika jina la ubatizo nililolitunga palepale, maana la kwake alikuwa hana au dada yake hakulijua. Jina la vita sikuliandika popote.

Nikamwambia mkubwa, "Kuanzia leo mdogo wako anaitwa hivi. Lile jingine hapa halitajwi. Wakilisikia watawatenganisha. Umenielewa?"

Akaelewa upesi kuliko alivyopaswa kuelewa mtoto. "Nitamfundisha," akasema.

Nilijiona mjanja siku hiyo, siwezi kuficha. Nilirudi nyumbani ninaimba. Nilijiambia kompyuta ya Nairobi imepata mwenzake.

Waliishi kituoni kama ndugu wanavyoishi. Mkubwa alikuwa anagombana na kila mtu kwa ajili ya mdogo, kwenye foleni ya uji, kwenye mablanketi, kwenye maji ya kuoga. Mdogo hakuwa msemaji. Alipenda ule utando wa juu wa uji ukishapoa, na wenzake walikuwa wanamgawia ili tu wamwone anavyounyonya. Nilikuwa ninamtania, ninamwita bibi kizee, kwa vile alivyotembea mikono nyuma. Yeye ananitazama tu. Mama wa Kizungu alipopita na orodha yake akiita majina, mkubwa ndiye aliyeitikia kwa wote wawili, na hakuna aliyeshtuka. Mimi nikaona mambo safi.

Kisha ikaingia surua. Ilishika watoto wadogo kwanza, macho mekundu, kikohozi, vipele. Wawili walitufia katika usiku mmoja. Asubuhi yake likaja gari jeupe la hospitali ya wageni, ile waliyoisimamisha kwa mahema kwenye uwanja, kuwachukua waliozidiwa, na yule mdogo alikuwa miongoni mwao. Mkubwa alitaka kupanda, daktari akakataa, akasema gari ni la wagonjwa tu na ugonjwa unaambukiza. Mimi mwenyewe nilimfunga mtoto kipande cha plasta mkononi, nikaandika kwa kalamu ya wino jina lile nililompa. Nikamwambia mkubwa, "Siku kumi tu. Watamrudisha amepona." Nani alinituma kusema siku kumi?

Siku kumi zikapita, gari halikurudi. Siku ya kumi na mbili nikaenda mwenyewe kwa miguu, kilima kwa kilima. Nilipofika uwanjani nikasimama nikidhani nimepotea njia. Mahema hayakuwepo. Palibaki miraba ya nyasi zilizokauka, na mzee mmoja anaokota vigingi. Akaniambia muda wa wale wageni ulikuwa umekwisha, wamekunja vitu vyao, wameondoka juzi.

"Na watoto?"

"Watoto wamegawanywa."

Ebo! Watoto wamegawanywa, kama maharage ya msaada. Nilimtukana yule mzee, maskini ya Mungu, wakati yeye kazi yake ni vigingi. Nikaenda kiguu na njia mpaka jioni, hospitali moja hadi nyingine, kwa masista, kwenye kile kituo kingine. Kila mahali nilitaja jina la plasta, na kila mahali walitikisa kichwa. Masista walinieleza zaidi kidogo. Walisema wagonjwa wengine walipakiwa ndege kwenda Ulaya kutibiwa, na orodha kamili ya nani kaenda wapi wanayo wale wageni wenyewe, na wageni hawampi mtu yeyote ila serikali ikiomba kwa barua.

Mama wa Kizungu alilia niliporudi kumwambia. Kweli alilia. Kisha akajifuta, akafungua faili, akaandika taarifa ya mtoto aliyepotea, akanipa niipeleke serikalini. Akasema sasa jambo hili liko mikononi mwa serikali. Mwezi uliofuata mkataba wake uliisha, akaja mwingine, mwanamume, aliyependa ripoti fupi.

Ofisi yenyewe sitaitaja. Ilikuwa na ukuta uliotobolewa risasi, meza moja, na kiti kimoja ambacho afisa na mgeni walikalia kwa zamu. Afisa alikuwa kijana wa rika langu, amevaa suruali ya jeshi na shati la kiraia. Alikulia Uganda, Kinyarwanda chake kilikuwa kizuri lakini kwa mambo ya ofisi alipenda Kiswahili, kile cha kambini. Mimi nilimwita afande, yeye akaniita dada. Aliipokea taarifa kwa mikono miwili, akaisoma yote.

"Sawa, dada. Tunaandika barua. Lakini mhuri haiko."

"Mhuri hakuna?"

"Wale walikimbia na mhuri. Iko Zaire. Mpya bado."

Nikacheka, nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Serikali iliyokimbia ilibeba hata mihuri, na barua bila mhuri wale wageni walikuwa wanairudisha. Basi ikawa njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, njoo wiki ijayo. Mimi nikawa ninakwenda. Nilikuwa ninatoka Ndera na vumbi mpaka kwenye kope, ninasimama mlangoni, yeye ananiona ananyanyua mikono mitupu. Siku nyingine nilimpigia kelele. Nilimwambia mtoto si gunia, hawezi kusubiri mhuri. Alinivumilia. Mara moja tu ndipo alinijibu, bila kupandisha sauti.

"Dada, mimi kwetu nilikuja kutafuta watu kumi na tatu. Sikupata hata paa ya nyumba. Nani nimwandikie barua?"

Niliaga nikaondoka.

Kituoni mkubwa alikuwa ameacha kuniuliza. Hilo liliniuma kuliko alivyokuwa akiuliza. Kila nikirudi kutoka mjini ananitazama mikono, kisha anatazama pembeni. Alianza kulala kwenye nusu ya mkeka, nusu nyingine ameiacha wazi, na mtoto mwingine akijisogeza hapo anapigwa.

Mhuri ulikuja mwishoni mwa mwaka. Barua ilikwenda, na baada ya majuma mengi jibu likarudi. Afande aliniketisha kwenye kile kiti, yeye akasimama.

"Wamejibu. Hii jina haiko."

"Haiko vipi? Waliangalia vizuri?"

"Waliangalia. Orodha yenyewe hawakutuma, wanasema tu watoto walipelekwa huku na huku, yote imeandikwa. Hii jina haiko. Iko wengine haina jina kabisa, wameandika tu, msichana, msichana. Na hawa wengine iko na majina zao. Ya huyu, hapana."

Nilielewa hapo hapo, au nilidhani nimeelewa. Plasta ilidondoka kwa maji au jasho, mtoto akapona homa, nesi akamwuliza, unaitwa nani? Na mtoto wa miaka minne atasema nini? Atasema jina lake, lile alilopewa na baba yake. Liko kwenye orodha ile, nikajiambia, limeandikwa, linanisubiri. Sisi tunamtafuta mtu mwingine.

Usiku huo nilimweleza mama yangu yote. Mama alikuwa anachambua mboga. Aliacha kisu kikaanguka.

"Ulimvua mtoto jina?"

"Nilitaka wasitenganishwe, mama."

"Jina anatoa baba. Hata kama baba ni muuaji, hata kama amekufa, jina ni lake aliyepewa. Sisi tumekimbia miaka thelathini, tumeacha ng'ombe, tumeacha mashamba. Majina tulibeba." Akaokota kisu, akasema, "Kesho uende useme."

"Watanifunga."

"Wakufunge."

Nilikwenda. Nilikuwa na tumaini, na tumaini hilo ndilo lililonitia ujasiri. Nilipanga iwe rahisi: nitakiri kosa, jina litasahihishwa kwenye fomu, barua ya pili itakwenda na jina la kweli, na wale wageni watajibu, naam, yuko, yuko mahali fulani. Nilimweleza afande kila kitu, kutoka kompyuta ya Nairobi mpaka plasta. Nilimtajia jina la vita. Alilirudia polepole, akatabasamu kidogo, akasema ni jina zuri, mjomba wake alikuwa nalo.

Kisha akachukua karatasi mpya. Aliandika muda mrefu. Alipomaliza alizipanga karatasi mbili mezani.

"Huyu wa kwanza," akagusa taarifa ya mtoto aliyepotea, "wewe mwenyewe unasema haikuwa mtu. Ni jina ya kutunga. Mimi siwezi kutafuta mtu ambayo haikuwa. Hii faili tunafunga."

"Sawa, funga. Fungua la pili."

"Huyu wa pili. Nionyeshe karatasi aliingia nchi na hii jina."

"Afande, karatasi ni ile ile! Niliandika mimi. Ndiye huyo huyo!"

"Hiyo umesema ni ya uongo. Kwa daftari yetu, mtoto na hii jina hakuingia Rwanda. Kama hakuingia, hawezi potea hapa. Labda iko Zaire. Labda iko na baba yake."

"Dada yake yupo! Mlete umwulize."

"Dada yake ni mtoto. Tunataka mtu mkubwa wa familia. Iko?"

Nilipiga meza kwa ngumi mpaka kalamu ikaruka. Nilimwita majina ambayo mama yangu hakunilea kuyatamka. Nilimwambia nyie mliotoka porini hamjui kuandika ila kufuta. Askari wa mlangoni akachungulia, afande akamfanyia ishara atoke. Alisubiri nikachoka. Halafu akanisogezea karatasi, akaniambia taratibu kwamba kuandika uongo kwenye fomu ya serikali ni kosa, kuna watu wako ndani kwa madogo kuliko hayo, na yeye hataki kunipeleka huko. Nikisaini kwamba nilikosea, kwamba mtoto wa jina lile hakuwepo, jambo linaishia hapa. Na hilo la pili ataliweka pembeni, akipata nafasi ataliangalia.

Nilisaini. Nimelisema. Nilikuwa na mama wa kulisha, nilikuwa na chumba Gitega chenye benchi mlangoni, na niliogopa jela. Kalamu ilikuwa yake, wino ulikuwa umekaribia kwisha, ikabidi nirudie sahihi mara mbili ili ionekane. Akapiga mhuri. Mhuri mpya, unang'aa.

Niliandika barua mwenyewe kwa wale wageni, bila mhuri. Ilirudi haijafunguliwa. Niliandika nyingine. Kwa afande nilikwenda tena mara tatu, na mara ya tatu nikakuta mtu mwingine kwenye kiti, na karatasi ya pili hakuna aliyejua iliwekwa pembeni ipi.

Haikupita muda, ripoti ya serikali ikaletwa kituoni, karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ilisema idadi ya watoto waliopotea baada ya kuingia nchini imepungua kwa mmoja. Yule msimamizi mpya aliisoma kwa sauti kwenye kikao, akanigeukia, akanipongeza mbele ya wenzangu kwamba kesi yangu imepata ufumbuzi. Watu wakapiga makofi. Nilitoka nje kabla makofi hayajaisha.

Hapo nikajua siwezi tena kumkwepa mkubwa. Nilimkuta kwenye karo la nyuma anaosha sahani za bati, zamu yake. Nikachuchumaa kando yake, nikashika sahani nami nikaanza kusuuza, nikamwambia kwa Kinyarwanda, bila kupamba. Kwamba kosa ni langu. Kwamba jina nililomwandikia mdogo wake limewapoteza watu. Kwamba serikali imefunga faili, na mimi nimesaini. Hakulia. Aliendelea kusugua sahani moja, ileile.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Nikaanza kusema maneno ya matumaini, yale niliyojiambia usiku kwa usiku ili nipate usingizi. Nikamwambia, "Lakini usikate tamaa. Mdogo wako ana akili. Popote alipo, awe kwa masista, awe Ulaya, siku moja atakuja mtu amwulize, wewe unaitwa nani? Naye atalitaja lile lake, la baba yenu. Si jina la watu wengi. Mnyarwanda yeyote akilisikia atajua huyu ni wa kwetu, atauliza zaidi. Litamrudisha."

"Hatalitaja," akasema.

"Kwa nini asilitaje?"

Aliweka sahani chini. Hakunitazama usoni.

"Ulisema lisitajwe. Nilimfundisha, akawa anasahau, anataja la baba. Nikawa ninamfinya. Hapa, ndani ya paja, watu wasione. Akikosea ninamfinya, akilia ninamfinya tena. Baadaye hakutaja lile, na langu pia hakulitaja. Ukimwuliza jina anaziba mdomo." Akavuta pumzi. "Siku ile ya gari, mwalimu, walipofunga mlango nilikimbia dirishani. Nikamwita kwa jina lake, lile la baba, ili anitazame. Nililiita kwa nguvu. Alinisikia."

"Akakutazama?"

"Alifunika paja kwa mkono."